Jogoo wa mama mkwe na siku zetu 21 bila nyama

Januari mwaka jana, pilau na soda za sikukuu zilipokwisha, mume wangu alipima presha akaambiwa imepanda kidogo, apunguze chumvi na uzito. Mimi nina kikundi changu cha WhatsApp kinachojua kila kitu, basi nikarudi nyumbani na tangazo: siku 21, hakuna nyama, samaki, mayai wala maziwa. Nikamwambia tunasafisha mwili. Akaniuliza, "Kwani wangu mchafu?" Nilicheka, lakini swali lake lilikuwa na akili kuliko mpango wangu.

Kikundi kilielekeza tuanze na siku tatu za juisi tupu. Nikanunua bitiruti, matango, figili, tangawizi na matufaa ya bei mbaya, tukakamua. Asubuhi ya pili nikasikia naitwa kutoka chooni kwa sauti ya mtu anayetaka kuandika wosia. "Mama watoto, njoo. Nakojoa damu." Nikaenda, nikakuta ni waridi kweli. Tulikaa kitandani kama wafiwa mpaka nikakumbuka bitiruti. Kuna watu rangi yake hupita mwilini ikatokea kwenye mkojo, na haina madhara. Mchana kichwa kikaanza kumgonga, kikundi kikashangilia kwamba sumu zinatoka. Sumu gani? Mtu amekunywa kahawa ya kijiweni vikombe vitatu kila siku tangu ujana wake, ukimkatisha ghafla kichwa lazima kimdai. Usiku huohuo tukapika ugali.

Kwa hiyo juisi ziruke. Kazi ya kusafisha damu wanayo ini na figo, wanaifanya usiku na mchana bila kulipwa. Ukikamua na kuchuja, nyuzinyuzi unazitupa kwenye ndoo, unabaki unakunywa maji ya sukari. Zile kilo mbili alizopungua kwa siku mbili nyingi zilikuwa maji, na zilirudi kabla ya Ijumaa.

Jumatatu iliyofuata tulianza upya, safari hii kwa vyakula vya bibi yangu wa Muheza, ambaye hakuwahi kusafisha mwili ila nyama aliiona kwenye shughuli tu. Asubuhi magimbi au mihogo ya kuchemsha, siku nyingine uji wa ulezi wenye karanga za kusaga. Mchana ugali wa dona na maharage. Usiku wali kwa choroko, mbaazi za nazi au kisamvu, na mchicha haukosekani. Waliouliza protini tutapata wapi niliwajibu kwamba ugali na maharage vinakamilishana: kinachopungua kwenye mahindi kimo kwenye maharage, na kinachopungua kwenye maharage kimo kwenye mahindi.

Wiki ya kwanza nyumba ilikuwa na upepo wake, nadhani mnanielewa. Kosa lilikuwa langu, nilikuwa nabandika maharage makavu moja kwa moja. Yaloweke tangu jioni, yale maji umwage, uchemshie mapya, na yaive hasa. Kisamvu nacho kisiharakishwe. Majani ya mhogo yana sumu ya sianidi, ndiyo maana bibi zetu walikitwanga kisha wakakichemsha muda mrefu bila kufunika, na nazi ikaja mwishoni. Mboga za majani tulizikamulia limau mezani, na chai tukaisogeza mpaka saa moja baada ya kula. Limau huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma ya kwenye mboga, chai huyazuia.

Aliyeteleza kwanza ni mimi. Watoto hatukuwaingiza kwenye mambo yetu, waliendelea na maziwa yao, mayai na dagaa. Sasa utapikaje dagaa bila kuonja chumvi? Mume wangu kasimama mlangoni: "Hiyo ya tatu, mama. Nakuhesabia." Baadaye nikagundua hata maharage yetu nilikuwa nayatia kile kiungo cha pakiti chenye picha ya ng'ombe, na chumvi imejaa humo, wakati mwenzangu kakatazwa chumvi. Maandazi ya jirani nayo yana maziwa. Soma pakiti, uliza wapishi.

Siku ya 12 akaja mama mkwe kutoka Korogwe, kamfunga jogoo miguu ndani ya kikapu. Kumwandalia mama mkwe mbaazi na jogoo yupo uani! Alitazama sahani, akamtazama mwanawe aliyeanza kuchongoka mashavu, akauliza polepole, "Wanangu, nyumba hii mna njaa au mna ugomvi?" Nikaanza kueleza habari za nyuzinyuzi, nikaona ninazama. Mume wangu akaniokoa: "Mama, tumefunga nyama kidogo. Ni kwa siku chache tu." Kufunga analijua. Akatulia, akasema jogoo hawezi kumla peke yake kama mchawi, akala mbaazi akaongeza. Kwa wazee tumia neno hilo, mengine yaache. Mgeni asiyetaka kufunga nanyi mpikieni nyama yake.

Kabla hujaniiga, kama unachoma insulini au unameza dawa za sukari, ongea kwanza na daktari wako, maana ukibadili chakula ghafla sukari inaweza kushuka vibaya. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, vilevile, mboga nyingi za majani huingiliana na dawa hiyo. Mjamzito na anayenyonyesha wasianze kwa sababu ya makala ya mtu kama mimi. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea. Kwa siku 21 mtu mzima anayekula vizuri hana shida, mwili una akiba yake, ila anayetaka kuendelea miaka na miaka atahitaji vidonge au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo.

Mume wangu alipungua kilo tatu, na presha ilishuka kidogo. Yeye anasifia mbaazi. Mimi naona ni chumvi tuliyopunguza na kutembea kila jioni mpaka kituo cha daladala na kurudi, lakini sibishani naye.

Jogoo alikaa siku kumi amefungwa kamba kwenye karo, akituamsha saa kumi alfajiri. Siku ya 22 akachinjwa. Tulikula paja moja moja tukashindwa kuendelea, tumbo zito kama tumemeza jiwe, supu iliyobaki ikaenda kwa jirani mwenye maandazi. Siku hizi nyama ni Jumamosi na Jumapili, katikati ya wiki dagaa mara moja. Leo ni Jumatano, choroko ziko majini tangu asubuhi, na mzee kaenda kijiweni kwenye kahawa yake. Vikombe vitatu, vilevile.