Kupiga picha ya Archaeopteryx: tafuta kivuli kwanza

Mara ya kwanza niliposimama mbele ya Archaeopteryx katika Museum für Naturkunde jijini Berlin, nilipiga picha nyingi kwa haraka, na jioni nilipozitazama nikaona kwamba mifupa imetoka vizuri ilhali manyoya ya mabawa yamefifia karibu yote. Kamera haikuwa na kosa. Manyoya ya dinosaria huyu, ambaye kisukuku chake kilipatikana karibu na Eichstätt katika miaka ya 1870, yamebaki hasa kama alama zilizochapwa kwenye jiwe la chokaa lenye chembe laini kiasi cha miaka milioni 150 iliyopita, na rangi ya alama hizo haitofautiani sana na ya jiwe lenyewe. Kinachozidhihirisha ni kivuli.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kuinua kamera, chunguza mwanga unaingia kutoka upande gani, kisha sogea taratibu kushoto na kulia. Kivuli hakitabadilika, lakini mng'ao wa uso wa jiwe hubadilika, na utafika mahali ambapo mistari ya manyoya inajitokeza ghafla. Flashi usiitumie hata pale inaporuhusiwa, kwani mwanga unaotoka mbele hufuta vivuli vyote.

Mwenye kibali cha kufanya kazi na visukuku nje ya kabati ana nafasi bora zaidi: ailaze taa chini, karibu usawa wa bamba la jiwe, upande wa juu kushoto. Upande huo si desturi tupu. Macho yetu hudhani kwamba mwanga hutoka juu, na ukitokea chini, mashimo huonekana kama matuta. Niliwahi kugeuza picha ya mkia juu chini, na mifereji ya manyoya ikawa kama imevimba. Tangu hapo sigeuzi picha ya kisukuku bila kukagua vivuli vyake.

Kuhusu kioo cha kabati, wengi hukimbilia kichujio cha polaraizi, kile cha kupunguza mwakisiko. Husaidia unapopiga kwa mshazari, lakini ukiwa umeelekea kioo moja kwa moja hakipunguzi mwakisiko, na mshazari nao huacha sehemu ya bamba nje ya fokasi. Mimi huvaa nguo nyeusi, huzungushia lenzi kitambaa cheusi, na hukaribia kioo kadiri kanuni za jumba zinavyoruhusu. Ruhusu pia mwanga uingie kamerani kwa kiasi kinachozidi kidogo kile inachopendekeza, kwa kuwa jiwe jeupe likijaza picha huidanganya kamera, ikalitoa kijivu.

Nenda asubuhi, na uanze na chumba cha Archaeopteryx. Ukumbi mkubwa una mifupa ya Giraffatitan, dinosaria mwenye shingo ndefu, iliyochimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913, yenye kimo cha zaidi ya mita 13. Ni fahari kuitazama, lakini hummaliza mtu muda na betri kabla hajamfikia kiumbe mwenye ukubwa wa kunguru.

Mkia huupiga mwisho, peke yake, kwa lenzi ya karibu. Hapo manyoya yamepangika kulia na kushoto mwa pingili za mifupa, na picha moja iliyotulia inaonyesha mifupa ya mtambaazi na manyoya ya ndege katika kiungo kimoja.