Geuza bamba kabla hujalibandika jina

Wadogo zangu mlioshika mashine za kutafutia vyuma ardhini hapa Tanga mwaka huu, mkiwinda masalia ya vita ya 1914 kati ya Mjerumani na Mwingereza, nawapenda lakini mnanichosha. Juzi mmoja wenu kanitumia picha usiku wa manane, bamba la mkanda (kile kifungio cha mbele) limetoka upande wa Ras Kasone, na ujumbe: "Bro, hili la Lettow-Vorbeck mwenyewe," yaani yule kamanda wa Wajerumani. Naliangalia, katikati kuna ua la skauti. La skauti, jamani! Mwenyewe huenda yuko Ngamiani anakunywa kahawa.

Basi tuelewane.

1. Kibali. Kuchimba kutafuta vitu vya kale bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Na ukifukua kitu chenye sura ya bomu usikiguse, ita polisi.

2. Tembea na sumaku. Bamba la askari wa Prussia, dola kubwa ndani ya Ujerumani ya wakati ule, la kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ni shaba ya njano, katikati lina duara la madini meupe lenye taji na maneno GOTT MIT UNS. Sumaku hailikamati. Ya chuma yalienea kuanzia 1915, kwa hiyo ukilipata la chuma jiulize limefikaje huku wakati manowari za Waingereza zimeziba pwani. Mtajibu Rubens, najua. Kweli meli hiyo iliingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Aprili 1915 na shehena ya vita kutoka Ujerumani. Ila kati ya "huenda" na "ndiyo" pana safari, na yupo mwenzenu ameshaliandikia lake "Bamba la Rubens" kwa wino usiofutika.

3. Tai aliyekanyaga swastika ni wa enzi za Hitler. Hakuwepo Tanga Novemba 1914, hata kama maneno ni yaleyale. Lenye maneno IN TREUE FEST ni la Bavaria, dola nyingine ya Ujerumani.

4. Msisugue wala kukwangua. Nimelisema hili mpaka sauti imekauka, na bado naletewa mabamba yanayong'aa kama sufuria ya harusi.

Haya, niwaambie kwa nini nakuwa mkali. Nilipokuwa mgeni kama ninyi nilitoa bamba la Prussia kwenye shamba moja karibu na reli, kule Waingereza walikokwama tarehe 4 Novemba 1914. Zima kabisa, kijani tupu. Nikalipeleka nyumbani, nikakamua ndimu, nikatia chumvi, nikashika stilwaya. Mbele ikatoka taji, nikaona nimefika. Nyuma kulikuwa na kitu cheusi kimeganda, nikakikwangua kwa kisu cha jikoni, vipande vikaenda na maganda ya ndimu kwenye ndoo ya taka. Kesho yake nikampelekea mzee aliyenifundisha kazi. Hakulitazama taji. Aligeuza, akapitisha kidole pale nilipokwangua, akauliza, "Ngozi iko wapi?"

Mabamba yale yalishonewa ulimi wa ngozi nyuma, na kwenye ngozi ndiko kulikogongwa jina la mtengenezaji na mwaka, mara nyingine hata kikosi. Udongo wetu huozesha ngozi haraka, lakini iliyogusana na shaba hupona kwa sababu ile kutu ya kijani ni sumu kwa vijidudu. Kwa hiyo uchafu nilioupiga vita kwa stilwaya ndio ulioitunza ile ngozi miaka yote. Nilirudi mbio kwenye ndoo; mke wangu alikuwa ameshamwaga, gari la taka limepita. Mzee hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alichukua kalamu akaandika "Prussia, mwaka haujulikani", akanirudishia.

Maji ya kawaida na brashi laini, mbele tu. Nyuma achia wataalamu.

5. Andikeni mahali, kina, na majirani. Hasa majirani! Ganda la risasi lililolala kando linasema kuliko bamba: ganda nene la milimita 11 ni la ile Mauser ya 1871 iliyotoa moshi, ambayo askari wengi wa Mjerumani walikuwa nayo bado; .303 ni la upande wa Mwingereza. Kijana mmoja aliniletea bamba kwenye mfuko wa Rambo, maganda sita ameyatupa "kwa sababu ni mengi." Nilikaa kimya, nikaomba maji ya kunywa.

6. Bei. Anayenipigia kuuliza bei kabla hajanitumia picha ya nyuma, simu yangu haina chaji.