Taa ya eabegi ya Vitz haizimiki baada ya kuosha viti

Ndugu, umesema taa ya eabegi (mfuko wa hewa unaofunguka wakati wa ajali) ya Vitz yako haizimiki tangu uoshe viti, na fundi anataka kutoa balbu yake kwenye dashibodi. Usimkubalie kabisa. Taa ikibaki inawaka, mfumo umegundua hitilafu, na siku ya ajali eabegi huenda zisifunguke. Balbu ikitolewa, atakayepanda gari hilo atajuaje?

Kwa kuwa ilianza baada ya kuosha viti, anzia chini ya kiti. Tafuta soketi za njano. Ndizo za eabegi na mikanda. Kiti kikisukumwa nyuma na mbele waya huvutika, soketi hulegea, na maji yakiingia pini hushika kutu ya kijani. Kabla ya kuzigusa zima gari, chomoa waya hasi wa betri, usubiri dakika chache. Kausha, safisha pini, rudisha soketi mpaka usikie imebana. Usipime eabegi yenyewe kwa mita ya umeme, inaweza kukulipukia usoni.

Taa ya mkanda ikiwaka kiti kikiwa kitupu, shuku sensa ya uzito ndani ya kiti, huenda imeloa.

Na honi je, inalia? Kama imekufa pia, huenda utepe wa waya ndani ya usukani, unaounganisha honi na eabegi ya dereva, umekatika. Kisekka, soko la vipuri vya magari Kampala, utapata uliotumika, ila mimi ningenunua mpya.