Rafiki wa tatu kwenye mashua: yaliyotukuta Pangani hadi Mkokotoni

Mkuu, umeuliza kama wewe na mkeo mmchukue rafiki yenu kwenye mashua mkivuka kutoka Pangani kwenda Unguja, maana mmezoea kwenda wawili tu. Mchukueni. Jaketi okozi alivae tangu ufukweni, hilo halina mjadala. Meli ya MV Spice Islander ilizama pale Nungwi Septemba 2011 na sisi wa pande hizi hatujasahau. Ila mtakachohangaika nacho si uzito wake. Nyinyi wawili mmeshazoea kusemezana kwa jicho, na mgeni hajui chomboni nani anaamrisha.

Kwetu anaamrisha mke wangu. Ni Mtumbatu, mtu wa kisiwa cha Tumbatu, bahari kaikuta kwao. Mimi nimejifunzia ukubwani. Mashua yetu ni ya futi 24, tanga moja, na kamashine ka hosipawa 15 ka dharura. Mwaka juzi Januari tukampakia rafiki yangu wa Lushoto, mtu mwema sana, ambaye bahari alikuwa anaijua ya kuogea tu.

Mpango wa nahodha ulikuwa kutoka saa kumi alfajiri. Ilikuwa bamvua, maji makubwa, na siku za bamvua huku kwetu maji hujaa kwenye saa kumi hivi. Unatoka mto umejaa, fungu la mchanga la mlangoni mwa mto liko chini kabisa, umande, ule upepo wa alfajiri, unakusukuma kutoka bara, na jua likipanda kaskazi inakupokea ubavu wa kushoto. Hadi Mkokotoni, kule Unguja, ni kama maili 30 za baharini, na hakuna mwendo mtamu kama huo.

Jamaa alilala gesti. Akatokea saa kumi na moja na nusu akikokota begi la magurudumu mchangani, anaomba radhi. Mpaka tumepakia, saa kumi na mbili. Maji yameshaanza kutoka kwa nguvu, na pale mlangoni mto ukikutana na mawimbi ya nje, bahari inaumuka. Ungekuwa wewe ungesubiri? Na sisi tulitakiwa tusubiri, hatukusubiri. Jamaa alikuwa na likizo ya siku nne, tukamwonea haya. Hilo ndilo kosa la kwanza, na ni letu, si lake.

Mashine tumeiinua kwa ajili ya fungu. Mimi niko mbele na upondo napima kina, mke wangu kashika usukani, mgeni tumemkalisha katikati. Wimbi la kwanza tukalipanda, la pili likaja limesimama. Nikasikia nyuma: "Legeza demani!" Demani ndiyo kamba ya kuvutia tanga. Mimi niko mbali nayo, aliye karibu nayo ni mgeni. Tena alikuwa ameikalia, begi liko juu ya kamba na yeye juu ya begi. Akanigeukia mimi: "Kaka, nilegeze?"

Sekunde tatu, nne. Tanga limejaa, mashua ikalala, maji yakaingia kwa upande wa chini mpaka vifundoni. Nilirukia begi nikalisukuma pamoja na mwenyewe, demani ikaachia, mashua ikainuka. Mke wangu hakusema neno mpaka tumelivuka fungu lote. Kisha akamwambia kwa upole, "Shemeji, humu usimtazame kaka yako. Nisikilize mimi." Akampa upo wa kufulia maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje.

Hapo nakushauri kwa moyo wote: mgeni mpe kazi mapema. Alifua maji yale kama analipwa. Baadaye kaskazi ilipokaza na mashua ikaanza kwenda mrama, kigegezi kikamshika, akapewa ndimu anuse na akaambiwa atazame mbali, asitazame sakafu ya chombo. Akaona milima nyuma yetu, bluu. "Ile si ndiyo kwetu?" Ninavyojua mimi ni Usambara ya Mashariki, si Lushoto, lakini alikuwa ameacha kutapika, nikamwachia.

Cha kuchekesha, kuchelewa kulitufaa upande wa pili. Tungefika kwa wakati wetu tungekuta maji makavu na kutia nanga nje tukiungua jua. Tulifika kwenye saa saba, maji yanajaa, tukaingia moja kwa moja.

Kosa la pili ni la kurudi. Jumapili kaskazi iliamka vibaya, bahari nyeupe tupu. Jamaa kazini anatakiwa Jumatatu. Akanivuta pembeni kwenye mnazi, eti niongee na shemeji. Nikamwambia nenda kaongee mwenyewe. Akaenda. Sikusikia walichosema, ila nilimwona anatikisa kichwa, kisha anacheka, kisha anaulizia daladala za mjini. Akapanda boti ya Dar es Salaam jioni ile ile, sisi tukarudi Jumanne bahari imelala. Kwa hiyo rafiki yako mwambie kabisa kabla ya safari: kwenda ni kwa mashua, kurudi aweke nauli ya boti mfukoni. Akiwa na hiyo nauli hakuna atakayewasukuma mtoke siku mbaya.

Mengine, maji ya kunywa na chakula, wenzangu waliokujibu wameshasema. Ongezeni tu mfuko usiopitisha maji wa simu yake.

Juzi yule wa Lushoto kaniandikia anataka tena, mwezi wa nane. Nikampa mke wangu simu ajibu. Akamwambia mwezi wa nane ni kusi, kwenda Unguja ni kubisha, kushindana na upepo kutwa nzima, asubiri Desemba. Na aje na kiroba, lile begi aliache Lushoto.