Maswali yenu kuhusu paka wa London

Tangu nilipowagusia paka wa London katika safu hii, maswali yamekuwa yakiingia mfululizo. Leo nayajibu manne.

Je, ni kweli Dick Whittington alitajirishwa na paka?

Whittington alikuwepo kweli. Aliuza vitambaa vya thamani, akawakopesha wafalme fedha, akawa meya wa London mara nne kabla ya kufariki mwaka 1423. Paka ndiye aliyebuniwa. Hadithi yake ilianza kuvuma mwanzoni mwa miaka ya 1600: kijana fukara ampakia paka wake merikebuni, na mfalme mmoja wa Afrika Kaskazini, ambaye panya wamemshinda, anamnunua kwa dhahabu tele. Whittington halisi hata fukara hakuwa, maana baba yake alikuwa mwenye ardhi. Hayo hayakuwazuia wenyeji kumpenda paka huyo. Kwenye mlima wa Highgate kuna jiwe la ukumbusho la mwaka 1821, na mwaka 1964 paka naye akawekwa juu yake.

Nimeona picha ya sanamu ya paka aliyekaa juu ya kitabu, na makombe ya chaza pembeni yake. Ni nani huyo?

Huyo ni Hodge, paka wa Samuel Johnson, na kitabu alichokikalia ni kamusi ya Kiingereza ambayo bwana wake aliitoa mwaka 1755. Sanamu ipo Gough Square tangu 1997, mbele ya nyumba alimoandikia kamusi hiyo. Chaza enzi zile zilikuwa chakula rahisi, na Johnson alikwenda mwenyewe kumnunulia Hodge. Hakutaka kuwatuma watumishi, wasije wakachoshwa na kazi hiyo wakamchukia mnyama wa watu. Hapo ndipo ninapompendea Johnson: aliwafikiria watumishi na paka kwa pamoja. Mmoja wa watumishi hao, Francis Barber, alizaliwa mtumwa Jamaica, na Johnson alipofariki mwaka 1784 ndiye aliyekuwa mrithi wake mkuu.

Rafiki yake Boswell, ambaye paka walimkera, ametuachia kisa kingine. Siku moja alimsifia Hodge. Johnson akajibu kwamba amewahi kuwa na paka aliowapenda zaidi. Kisha akaona kama Hodge amenuna, akaharakisha kuongeza kuwa huyu naye ni paka mzuri sana.

Serikali ya Uingereza inaajiri paka kweli?

Ndiyo, na hesabu zake zimo kwenye kumbukumbu. Mwaka 1929 Hazina iliidhinisha peni moja kwa siku ya kumtunza paka wa Wizara ya Mambo ya Ndani, kwa sharti awe hodari kazini. Larry wa ofisi ya Waziri Mkuu aliingia Februari 2011 kutoka kituo cha kutunza wanyama waliotupwa. Mawaziri wakuu wamekuja na kuondoka, yeye yupo.

Kwako wewe, paka gani wa jiji hilo anastahili kukumbukwa kuliko wote?

Faith, bila kusita. Alikuwa paka jike asiye na kwao, akapokewa mwaka 1936 katika kanisa la St Augustine, karibu kabisa na kanisa kuu la St Paul's. Agosti 1940 alizaa kitoto kimoja, kikaitwa Panda. Mwanzoni mwa Septemba, pasipo sababu iliyoonekana, alikibeba kwa meno kutoka ghorofa ya juu ya nyumba ya kasisi hadi chini kabisa, akakilaza kwenye kishubaka palipowekwa karatasi za muziki. Kasisi akakirudisha juu. Faith akakishusha. Wakavutana hivyo mara kadhaa, mpaka kasisi akasalimu amri.

Usiku wa tarehe 9 mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia yaliiangukia nyumba ile. Asubuhi wazima moto walimwambia kasisi hakuna kiumbe kinachoweza kuwa hai mle ndani. Akaita. Mlio hafifu ukamjibu kutoka kwenye kifusi. Akafukua, akamkuta Faith amejaa vumbi, amemkumbatia mwanawe, wote wazima. Muda mfupi baada ya kuwatoa, paa lote likaporomoka.

Medali ya wanyama wa vita hakuweza kupewa kwa kuwa hakuwa wa jeshi, hivyo mwaka 1945 alitengenezewa medali yake ya fedha. Alifariki 1948, usingizini. Kanisa liliharibiwa na mabomu ya vita hivyo, lakini mnara wake bado umesimama.