Kwa vijana wa mapato wa halmashauri mnaoiandikia Tume ya kodi

Nimeletewa rasimu nyingine ya maoni, na ukurasa wa kwanza tu unaiomba Tume "iruhusu" halmashauri kupandisha ushuru wa mazao. Jamani! Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi, ile iliyoundwa 2024 chini ya Balozi Ombeni Sefue, haina rungu hilo. Tume ya kodi ya zamani, ile ya Edwin Mtei iliyotoa ripoti 1991, nayo haikuwa nalo. Tume huchunguza na kumshauri Rais, basi. Ibara ya 138 ya Katiba inataka kodi itozwe kwa sheria iliyotungwa na Bunge.

Wadogo zangu, shikeni haya.

1. Tofautisheni kodi, ushuru, tozo na ada. Mkizichanganya, hakuna atakayefika ukurasa wa pili.

2. Pelekeni makusanyo halisi, si makadirio. Hapa ndipo tulipoumbuka. Andiko letu lilidai mapato ya mazao yameporomoka tangu 2017, ushuru uliposhushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Hitimisho: turudishiwe 5. Kwenye kikao cha maandalizi mweka hazina akavua miwani. "Bei ya ufuta shambani mwaka huo ilikuwaje? Mashine za POS, zile za kukusanyia ushuru na kutoa risiti, pale getini zilikuwa ngapi, na ngapi zilikuwa na chaji?" Kimya. Akaweka kidole kwenye jedwali: safu ya kwanza makadirio, ya pili makusanyo. Tulikuwa tumelinganisha ndoto na fedha! Tuliosaini tukatazama dari. Kisha akauliza lililo kubwa zaidi: ushuru huu kisheria hulipwa na mnunuzi, je, akiufidia kwa kumpunguzia mkulima bei, ameulipa nani? Swali hilo ndilo kazi ya Tume yenyewe, na andiko zima halikuligusa.

3. Orodhesheni mzigo wote. Halmashauri huangalia dirisha lake tu. Lakini mwenye kiwanda huwalipa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, hulipia leseni, halafu nyinyi mnamdai ushuru wa huduma, unaopigwa kwa asilimia ya mauzo. Mauzo, si faida! Mwaka wa hasara bado anadaiwa. Tume ipo ili kuuona mzigo huo kwa pamoja.

4. Kodi ya majengo, msiandike "ukusanyaji umerahisishwa" mkanyamaza. Ilihamia TRA 2016, na tangu 2021 hukatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, yaani anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Mtaani kwetu kuna fundi cherehani mpangaji anayehifadhi risiti za LUKU kwenye kopo la vifungo. Kila akilipa pango humwomba mwenye nyumba ampunguzie, na kila mara hujibiwa, "Hiyo ni ya serikali, mimi sihusiki." Nendeni mkamhoji, mpige hesabu ya risiti zake, na muiweke kwenye kiambatisho bila jina lake.