Makalavati tisa kabla ya mvua: GPS ya greda au prikasti?

Swali: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni fundi sanifu kwenye kampuni ndogo ya ukandarasi huku Ruvuma. Tuna kipande cha kilomita 38 kinachotoka changarawe kwenda lami. Kina makalavati tisa ya boksi, kila moja mita 2 kwa 2 kwa ndani na urefu wa mita 12, na hakuna hata moja lililoanza. Imebaki miezi mitano mvua zianze mwishoni mwa Novemba. Bosi anataka kufunga mfumo wa GPS unaoongoza kisu cha greda na ndoo ya kijiko ili tukimbize kazi ya udongo. Mimi naona hela hiyo iende kwenye makalavati ya prikasti, yaani vipande vya zege vinavyomwagwa kambini kisha vinaletwa kupangwa. Amenionyesha video ya Wachina wakibadilisha daraja kwa saa 43, anasema siri ni mashine. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba. Kwa mradi huu uko sahihi wewe, ingawa bosi wako hajaikosea sana mashine yenyewe. Tupige hesabu kwanza.

Kalavati la boksi la kumwaga papo hapo lina mlolongo usiorukika: kuchimba, zege jembamba la chini, nondo na zege la sakafu, fomu (mbao za kushikilia zege) na zege la kuta, kisha paa. Paa likishamwagwa, nguzo za kulishikilia zinakaa hadi zege lipate nguvu, mara nyingi wiki mbili, na kifusi hakirudishwi pembeni kabla ya hapo. Kwa kikosi cha kawaida ni wiki tano kwa kalavati moja. Ukiwa na seti mbili za fomu, makalavati tisa yanahitaji mizunguko mitano, yaani wiki 25. Miezi yako mitano ni kama wiki 21. Umeshachelewa kabla hujaanza, na greda lenye GPS haliwezi kukusaidia: likifika kwenye mtaro usio na kalavati linageuka kama greda lingine lolote.

Sasa prikasti. Kata kila kalavati vipande vya mita moja moja: vipande 108. Kuta za sentimita 20 zinakupa zege la mita za ujazo 1.76 kwa kipande, kwa hiyo uzito wa tani 4.4 hivi. Ukiwa na kalibu nne za chuma, kila moja ikitoa kipande kwa siku mbili, unapata vipande viwili kwa siku. Siku 54 za kazi, wiki tisa kwa wiki ya siku sita. Na hizo wiki tisa hazisubiriwi na mtu, kwa sababu wakati vipande vinamwagwa kambini, kijiko kinachimba na mafundi wanaandaa vitako, yaani sehemu za kulalia vipande. Kupanga kalavati moja ni siku tatu au nne. Ukiongeza wiki za kutengeneza kalibu na za kungoja vipande vya mwisho vikomae, unamaliza kama wiki ya 14.

Hapo ndipo jibu la ile video lilipo. Daraja la Sanyuan mjini Beijing, Novemba 2015, kweli lilibadilishwa kwa saa 43, lakini sakafu yake mpya ilikuwa imeshaundwa pembeni kabla barabara haijafungwa. Kamera ilianza kurekodi mwishoni mwa kazi. Marekani walifanya vivyo hivyo kaskazini mwa Boston mwaka 2011: kwenye barabara ya I-93 walibadilisha sehemu za juu za madaraja 14 kwa wikiendi kumi. Walifunga njia Ijumaa usiku na kufungua Jumatatu alfajiri. Mihimili ya chuma ilikuja ikiwa na sakafu ya zege juu yake tayari, na kilichomwagwa pale barabarani ni zege la viungo tu, la kushika haraka.

Mfano ninaoupenda zaidi hauna hata mashine ya ajabu. Juni 11, 2023, lori la petroli liliwaka moto chini ya daraja la I-95 mjini Philadelphia na daraja likaanguka. Juni 23 magari yalipita. Hawakujenga daraja ndani ya siku 12. Walijaza pengo kwa changarawe nyepesi iliyotengenezwa kwa chupa za kioo zilizorejelezwa, isiyohitaji kukomaa kama zege, wakaweka lami juu yake na kupata njia sita za muda. Daraja la kudumu lilijengwa baadaye, magari yakiendelea kupita. Mvua ilipotishia kazi ya lami, waliazima mashine ya kukausha kutoka uwanja wa mbio za magari. Mwambie bosi hiyo ndiyo mashine ya kutamani.

Nirudi Ruvuma, maana prikasti ina mitego yake na wengi hupata shida wakishamwaga nusu ya vipande.

Kitako kwanza. Niliwahi kuwa kwenye mradi ambako vipande vililetwa vizuri kabisa, lakini vilipangwa juu ya kitako kilichopimwa kwa macho. Kipande cha nne kilisimama sentimita mbili juu ya cha tatu. Tulivinyanyua vyote, tukarudia, na wiki tuliyookoa ikapotea. Zege la kumwaga papo hapo husamehe kitako kibaya, prikasti haisamehi. Kama una udongo mweusi wa mbuga chini, utoe na ujaze kifusi kizuri kilichoshindiliwa, kisha zege jembamba lililopimwa kwa pimamaji kila mita.

Halafu kunyanyua. Tani 4.4 ni mzigo ambao kijiko cha tani 20 kinaweza kuuinua karibu na mwili wake na kikashindwa mkono ukinyooka. Soma jedwali la uzito la mashine yako kabla ya kumwamini dereva. Mimi ningekodi winchi. Ndoano za kunyanyulia zisiwe nondo za kawaida zenye mbavu, hizo hukatika ghafla. Tumia chuma laini au ndoano zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na mhandisi azihesabie. Semi-trela ya tani 28 itabeba vipande sita kwa safari, yaani safari mbili kwa kalavati. Weka kiwanda chako katikati ya mradi, usikiweke mjini.

Viungo vifungwe vizuri, na nje uvizungushie kitambaa cha kuchuja ili maji yasinyonye udongo wa tuta. Kuta za mabawa, zile za pembeni kwenye midomo ya kalavati, mwageni papo hapo kama kawaida. Tuta la katikati litaendelea wakati mabawa yanamaliziwa.

Kama bosi bado anataka kununua teknolojia, kuna moja ya bei ndogo: vipima joto vinavyozikwa ndani ya zege. Ukishapima mchanganyiko wako kwa michemraba ya majaribio, joto na muda vinakuambia zege limefikia nguvu gani leo. Kwa joto la huko, mara nyingi utagundua kipande kiko tayari kunyanyuliwa mapema kuliko kalenda inavyodai, na kalibu inarudi kazini.

Kuhusu GPS, ni kitu kizuri pale tuta refu liko wazi mbele ya greda. Inapunguza vigingi na kazi ya kurudia. Ila inahitaji mchoro wa kidijitali usio na kosa na alama za upimaji zinazokubaliana, vinginevyo greda litakata kosa hilo kwa usahihi mkubwa. Makalavati manne ya kwanza yakishafunikwa, ikodisheni kwa kipande hicho tu.

Jambo la mwisho, na ndilo la kufanya wiki hii: kubadilisha njia ya ujenzi kunahitaji idhini ya mhandisi mshauri. Mpelekee michoro ya vipande, hesabu za kunyanyua, muundo wa kiungo na maelezo ya namna mtakavyofanya. Akikaa nayo mwezi mzima, zile wiki saba ulizookoa zinabaki tatu.